Hadja na Mbwa wa Amana

Siku nilipomwona Hadja amesimama nje kwenye mvua akimshikia mbwa mwavuli, nilidhani homa imenipanda kichwani. Yeye mwenyewe alikuwa analowa. Ushungi ulikuwa umemganda, kanga inachuruzika maji. Chini ya mwavuli, pakavu kabisa, palikuwa na kijibwa cheupe chenye manyoya marefu, kidogo kuliko paka wangu. Kiliinua mguu mmoja, kikafikiri, kikaushusha tena.

"Kojoa, baba," Hadja alikuwa anakibembeleza. "Kojoa, turudi ndani."

Nilifunga dirisha. Kisha nikalifungua tena, maana macho yangu yalikataa. Kama angeniambia mtu kwamba Hadja amenyoa nywele akajiunga na jeshi, ningeamini upesi zaidi.

Ili msomaji ashtuke kama nilivyoshtuka mimi, lazima kwanza amjue Hadja mwenyewe. Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake. Yeye hakusema na mimi sikuuliza. Nilikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta kule mtaa wa Buyenzi, kutoka utoto wangu mpaka nilipohamia Gihosha kwa mwanangu. Tulimwita Hadja kwa sababu alikwenda Makka. Jina lake la nyumbani nililisikia mara moja tu, siku walipokuja watu wa mita ya maji, nikaona kama wanamtafuta mtu mwingine.

Avenyu yetu ni ya mafundi wa magari. Oili imeingia kwenye udongo mpaka udongo wenyewe ni mweusi, na ukipita na viatu vyeupe unarudi na viatu vya rangi nyingine. Katikati ya weusi huo, kizingiti cha Hadja kilikuwa kinang'aa. Alikisugua baada ya sala ya alfajiri, akakisugua tena adhuhuri, na fundi aliyethubutu kukaa pale na ovaroli yake aliondoka na maneno ya kumtosha wiki nzima. Saloni yake, chumba cha kupokelea wageni, haikuwa na kiti hata kimoja. Ilikuwa mikeka na mazulia tu, na Ijumaa wanawake wa mtaa tulikaa pale kusoma Kurani. Ulivua viatu mlangoni, Hadja akaiangalia miguu yako, na kama haikumridhisha alikuonyesha bomba kwa kidevu, bila kusema.

Siku ya harusi yangu, nimepambwa, hina imekolea, aliniinamia sikioni nikadhani ananiombea dua. Akaninong'oneza: "Visigino, mama. Visigino."

Nililia. Mpaka leo wageni wanadhani nililia kwa kuagana na usichana.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa ulimi. Ilikuwa miguu. Hadja ndiye aliyekuwa anafundisha watoto wa Buyenzi kuacha kujikojolea, na wengine waliletwa kwa basi kutoka Kinama. Kila mama kwetu anajua namna hiyo: unakaa chini, unanyoosha miguu, unamkalisha mtoto juu ya nyayo zako, mgongo wake umeegemea magoti yako, halafu unamfanyia "ssss" polepole mpaka mkojo utoke. Wote tunajua, lakini wote hatuna subira. Hadja alikuwa nayo. Alijua mtoto akiamka anangoja kiasi gani, akinywa uji anangoja kiasi gani, na ile "ssss" yake ilikuwa ndefu, ya chini, haina haraka. Nami nilikaa juu ya miguu ile. Mama yangu alinisimulia, na kila nilipogombana na Hadja ukubwani nilikumbuka kwamba mtu huyu amekwisha kuona kila kitu.

Malipo yake yalikuwa sabuni. Pesa hakuitaka.

Na mtoto hakumgombeza kamwe. Hapo ndipo alipokuwa mtu wa ajabu. Sisi watu wazima alitutukana visigino, chai aliyotupa aliitia sukari kidogo kama anapima dawa, lakini mtoto akilowesha mkeka alimgeukia mama. "Mutoto hana kosa," alikuwa anasema. "Saa ndiyo iko na kosa. We ulikuwa wapi?"

Mbwa, sasa. Hadja alikuwa haogopi polisi, haogopi mafundi, haogopi radi, lakini mbwa alimwogopa na kumchukia pamoja. Kwenye mkoba wake mweusi kulikuwa na tasbihi, leso na mawe madogo ya kurushia mbwa. Kwetu mbwa akikugusa akiwa amelowa, au akilamba chombo, unaosha mara saba na mara moja katika hizo ni kwa udongo. Wengi tunaosha tukinung'unika. Hadja aliosha, kisha akatazama kama hakuna pembe iliyosahauliwa, akaanza tena.

Basi mtu huyo ndiye aliyeletewa kijibwa ndani ya kikapu.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kuazima kinu. Mariamu, binti yake wa pekee, aliingia na kikapu mkononi, mume wake amebaki garini. Mariamu alikuwa anaishi Kibenga, karibu na ziwa, na hakuwa amejaliwa mtoto. Tumbo lake lilikuwa limevimba, lakini tulijua wote kwamba si mimba. Walikuwa wanakwenda India kwa operesheni.

Aliweka kikapu chini. Kikapu kikatikisika. Kikatoa pua.

Hadja aliruka nyuma mpaka akagonga ukuta. "Yoo! Ni nini hii, Mariamu? Ni nini hii umeingiza kwangu?"

"Mama, najua. Yote utasema, mi nayajua. Lakini sina mutu mwingine. Nyumba tunaifunga."

"Iko zamu kwako, analinda mulango! Muachie zamu!"

"Zamu atamulalisha inje. Ni kadogo, Mama, haka kabila kao kanabaki hivihivi, hakakui. Mbwa wa inje watamumaliza siku moja." Akashika mkono wa mama yake. "Nikirudi, nataka nimukute ndani ya nyumba. Ndani, Mama. Nikijua kuna mutu ananingojea ndani, nitarudi."

Nilitegemea Hadja apige kelele. Alikitazama kikapu, akamtazama mwanawe, tumbo lile, mashavu yaliyokwisha.

"Acha hapo," alisema. "Ni amana."

Nilishtuka kuliko kama angelia. Amana kwa Hadja haikuwa neno la mchezo. Mtu akimwekea sufuria, sufuria hiyo haitumiki, haisogezwi, inafunikwa kitambaa mpaka mwenyewe arudi. Na hii sufuria ilikuwa inatembea na kukojoa.

Mbwa aliitwa Biju. Hadja alikataa kulitamka jina hilo. Alimwita Mgeni, akisema mgeni anakuja na anaondoka.

Siku za kwanza zilikuwa balaa, na ukuta wetu ni mwembamba, niliyasikia yote. Mgeni alikojoa koridoni. Hadja akaosha mara saba, na udongo. Hapajakauka vizuri, Mgeni akakojoa palepale, maana pua ya mbwa inasikia pale ambapo sisi tunasikia sabuni tu. Hadja akaosha tena. Aliweka ndoo ya mchanga safi kando ya mlango wa uani, na mchanga ule ulikuwa unaisha kama unaliwa. Mikono yake ilianza kubabuka. Hakumgusa kwa mkono mtupu: alivaa glavu za mpira, akambeba ndani ya beseni, uso wake ameugeuzia upande mwingine kama anayebeba bomu.

Kosa la kwanza lilikuwa ndagala. Alimlisha ndagala, wale samaki wadogo wakavu, wenye chumvi, kama anavyolishwa paka. Mgeni akanywa maji bakuli zima, na tumbo la mbwa wa namna ile si kubwa kuliko ngumi ya mtoto. Maji yakatoka upesi kuliko yalivyoingia. Mimi ndiye niliyemwambia, "Hadja, ni chumvi," akanijibu kwamba sasa nimekuwa daktari wa mbwa. Kesho yake nikasikia harufu ya wali na supu.

Kosa la pili lililetwa na wifi yake, dada wa marehemu mume wake. Huyu alikuwa hodari wa kutoa mawaidha katika mambo asiyoyafanya. Alikuja, akasimama mlangoni bila kukanyaga ndani, akashika pua.

"Mbwa anafundishwa na fimbo," alisema. "Unamusukumia pua ndani ya ile mikojo yake, unamupiga na fagio. Atajua."

Na Hadja akafanya hivyo. Hili lilinishtua kweli. Mwanamke ambaye hakuwahi kumkemea mtoto wa mtu, nilimsikia anapiga kelele, fagio linagonga sakafu, na mbwa analia kwa sauti nyembamba. Nilikaa jikoni kwangu nimeshika kijiko, chakula kinaungua. Nilimwonea huruma mbwa, na sikuwa nimewahi kumwonea mbwa huruma.

Fagio lilimfundisha Mgeni jambo moja: kujificha. Hakuacha kukojoa ndani. Aliacha kukojoa akionekana. Sasa alikojoa nyuma ya kabati, chini ya kitanda, ndani ya kiatu cha mgeni wa Ijumaa. Akipelekwa uani alikaa tu anamtazama Hadja kwa hofu, hatoi hata tone, akirudi ndani anatafuta pembe. Hadja alihamisha kabati peke yake, na umri ule, ili aoshe nyuma yake.

Kila siku mchana Mariamu alipiga simu kutoka India, ile simu ya kuonana uso. Vipimo vilikuwa bado, damu yake ilikuwa haitoshi kufanyiwa operesheni. Hakuanza na habari hizo. Alianza na, "Mama, weka simu chini nimuone." Na Hadja, ambaye asubuhi alikuwa amempiga Mgeni, aliinama na simu mkononi, akasema, "Huyu hapa. Iko salama. Iko ndani." Mariamu alicheka, halafu alilia, halafu ndipo alipokubali kusema daktari amesemaje. Nilikuwa naona mkono wa Hadja ukishika simu, ngozi imebabuka kwa kuosha.

Halafu ikatokea siku ya msala. Mkeka ule wa kusalia alikuja nao kutoka Makka, hakuna aliyeugusa isipokuwa yeye. Alikuwa ameutandika, akaenda kutawadha. Aliporudi, Mgeni alikuwa katikati yake, na doa linapanuka.

Aliniita kwa jina langu lote. Nilipofika alikuwa amesimama, amechomoa glavu, macho makavu.

"Leta kikapu chako," alisema. "Iko mutu Kinama anatafuta mbwa wa mulango. Umupelekee. Mi nimeshindwa. Mungu anaona nimeshindwa."

"Na Mariamu?"

Alinionyesha mlango kwa kidevu. Nilileta kikapu. Alimwendea Mgeni kumkamata, na Mgeni akajua. Wanajua. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akatetemeka mwili mzima, na Hadja alipomsimamia, miguu mitupu, mbwa yule hakukimbia. Alijikunja juu ya miguu ya Hadja, juu ya zile nyayo, akajikojolea hapohapo kwa hofu.

Niliziba mdomo. Nilijua sasa nyumba itaanguka.

Hadja hakusogea. Aliangalia chini. Mkojo ulikuwa unapita katikati ya vidole vyake, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayesikia sauti anayoijua chumba cha pili.

"Kumbe," alisema.

"Hadja, nilete maji?"

"Kumbe ni mutoto." Akakaa chini, vilevile, na mkojo wake. "Subhanallah. Mi nafundisha muzee, nafundisha mwizi, kumbe ni mutoto tu. Ona, hata hajui kuzuia." Kisha akanigeukia kwa ukali wake wa zamani, na nilifurahi kuusikia: "Na we, unasimama na kikapu unangojea nini? Rudisha kikapu kwako!"

Fagio halikugusa mbwa tena. Alikwenda kumuuliza shehe, naye akamwambia amweke mbali na mahali pa kusalia, aoshe kinacholowa, na amana ni amana. Basi akaanza upya kama anavyoanza na mtoto. Kwanza akasugua nyumba nzima kwa siki, siku nzima ya Mungu, mpaka ile harufu ya zamani isiyosikika kwetu ikatoka. Chumba cha kusalia na saloni akafunga milango. Mgeni akaachiwa koridoo, mahali ambapo jicho linamfikia. Kisha akampangia saa. Na saa za Hadja zilikuwa zipi? Zilikuwa adhana. Kila muadhini alipoanza, kabla ya kutawadha, Hadja alimtoa Mgeni uani, chini ya mpapai, palepale kila mara. Baada ya kula, palepale. Akiamka usingizini, palepale. Alikaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, glavu mkononi, akafanya "ssss" ile ya chini, ndefu, isiyo na haraka. Mbwa alikuwa anazunguka, ananusa, anamtazama, anasahau, anafukuza mjusi. Hadja anaendelea. Nilimchungulia juu ya ukuta nikaona aibu, kama nimechungulia mtu anayesali.

Mvua ikija ndiyo ilikuwa tabu. Mbwa wa namna ile haendi kwenye mvua. Tumbo lake liko karibu mno na ardhi, linalowa lote. Ndiyo maana ya ule mwavuli.

Siku Mgeni alipokojoa chini ya mpapai mara ya kwanza kwa kuambiwa, Hadja alipiga vigelegele. Peke yake, uani, mchana. Fundi wa jirani aliacha gari akaja kuuliza nani ameolewa.

Baada ya muda lilitokea jambo lililoushangaza mtaa mzima. Adhana ikianza, Mgeni alikuwa anaamka anakwenda kusimama mlangoni. Mwenyewe! Watu walikuja kuangalia. Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini, wakasema kuna watu hapa Buyenzi mbwa amewashinda. Wifi alisema astaghfirullah na kuzidisha nyingine juu yake. Hadja alijibu kwamba mbwa hajui sala, anajua mkojo wake, na wengine hawajui hata kimoja.

Bado hakuwa amemaliza kutushtua. Siku ya operesheni tulikusanyika saloni kwake kumsomea Mariamu dua. Tulijaa mpaka mlangoni. Koridoo ilikuwa imejaa viatu na watoto, kwa hiyo Mgeni alikuwa amewekwa kwenye kikapu chake karibu na mlango wa saloni, na kwa kweli alitulia kuliko watoto. Hadja alikuwa mbele, uso umekauka, simu juu ya paja. Tulikuwa tunangoja habari kutoka India, na kila aliyekohoa alionekana mkosaji.

Watoto wakaanza kelele. Wifi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kwenye zulia alilokuja nalo kutoka kwake, aligeuka, akaweka kidole mdomoni.

"Ssssss!" akawaambia watoto. Ndefu, kwa nguvu.

Mgeni aliinua kichwa. Akatoka kikapuni. Akatafuta mpapai, hakuuona. Basi akafanya alichoambiwa, hapohapo, juu ya zulia la wifi, akamtazama usoni akingoja kusifiwa.

Sijawahi kusikia wanawake wengi vile wakikata pumzi kwa pamoja. Wifi alisimama na kilio. Wengine wakakusanya nguo zao. Dua ilikatika katikati, na Mariamu wakati ule alikuwa kwenye meza ya madaktari.

"Leo!" wifi alisema. "Leo, Hadja! Mutoto wako anapasuliwa na we unatia najisi ndani ya dua yake! Bon, basi. Chagua. Mbwa huyu, ama sisi."

Hadja alisimama. Nilimwona mzee ghafla. Alipita katikati yetu, akamchukua Mgeni, na hakuwa na glavu. Mikono mitupu. Hilo wote tuliliona.

"Huyu ameambiwa, akasikia," alisema, sauti imetulia kabisa. "Kosa si lake. Mariamu aliniambia nimuweke ndani, na Mariamu hajarudi. Mulango ni ule. Mugeni hawezi kuufungua mwenyewe. Nyinyi munaweza."

Wakaufungua. Wengi wao. Tulibaki wachache, tukakunja zulia, tukaosha, tukaanza dua upya uani, chini ya mpapai, na Mgeni amefungwa koridoni analia. Alasiri simu ililia. Mume wa Mariamu alisema uvimbe umetoka wote na mkewe yu hai. Hadja alisikiliza, akaweka simu chini, akachukua ndoo na kwenda kuosha tena mahali palipokwisha oshwa. Hakutaka tumwone.

Wanawake wa Ijumaa walirudi mmoja mmoja, kwa aibu, kila mmoja na kipande cha sabuni. Wifi hakurudi. Mimi nikahamia Gihosha, kule juu mlimani, na habari za Buyenzi zikawa za kusikia kwenye simu. Nikasikia Mariamu amerudi, hajaenda Kibenga, yuko kwa mama yake. Nikasikia aliposhuka garini alikuwa amekonda hata majirani hawakumjua, lakini Mgeni alimjua, akalia kwa furaha mpaka sauti ikamkauka. Mariamu alimkuta ndani. Nikapika uji wa mtama, nikateremka.

Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa tu. Nilipiga hodi, hakuna jibu. Koridoni Mgeni alikuwa amelala kwenye kizingiti, mkavu, msafi, kichwa juu ya ndala za Mariamu. Halafu nikaisikia. Kutoka uani, ile "ssss", ya chini, ndefu, isiyo na haraka.

Nilimtazama mbwa. Mbwa alinitazama. Kama mbwa yuko hapa, Hadja anamfanyia nani?

Nikatoka uani, na sufuria ya uji nusura iniponyoke.

Chini ya mpapai, Hadja alikuwa amekaa chini, amenyoosha miguu. Katikati ya miguu yake kulikuwa na beseni, na juu ya beseni alikuwa amechuchumaa Mariamu, mwanamke mzima, kanga imefungwa kifuani, mgongo wake mwembamba umeegemea kifua cha mama yake. Kando yao kulikuwa na ule mpira wa hospitali, wa kutolea mkojo, umefungwa ndani ya kitambaa.

"Wamemutoa mupira asubuhi," Hadja aliniambia bila kugeuka, kama vile nilikuwa nimekaa pale siku zote. "Kama hakojoi kabla ya alasiri, wanamurudishia, na safari hii wanasema utakaa. Mwili umesahau. Kaa chini, usisimame juu yetu."

Nilikaa. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Mariamu alikuwa analia bila sauti, anasema, "Mama, haitoki. Inauma na haitoki. Niache." Na Hadja, yule aliyenionyesha bomba kwa kidevu maisha yangu yote, alimshika magoti kwa mikono yake iliyobabuka, akaweka shavu lake juu ya kichwa cha mwanawe.

"Huna kosa," alisema. "Bado saa tu. Ssssss."

Nyuma yangu nilisikia kucha kwenye saruji. Mgeni alikuwa ameamka. Alipita mbele yetu kwa haraka ya mtu aliyeitwa kazini, akaenda kwenye shina la mpapai, akainua mguu, akakojoa vizuri, akageuka kumtazama Hadja.

Mariamu alimwona. Kwanza mabega yake yakatikisika, nikadhani kilio kimezidi. Alikuwa anacheka. Alicheka kicheko cha mgonjwa, chembamba, huku ameshika kidonda.

"Mama," alisema, "ona, anakojoa yeye... mi ninabaki..."

Na akicheka hivyo, tukasikia tone kwenye beseni. Tone la pili. Kisha ukaja wote, kwa nguvu, ukiruka pembeni, na Mariamu akapiga kelele ya mshangao na kushika shingo ya mama yake kwa nyuma. Niliweka uji chini, nikalia waziwazi.

"Alhamdulillah," Hadja alikuwa anasema. "Alhamdulillah. Alhamdulillah. Sssss. Mwaga yote, mama. Yote."

Muadhini akaanza alasiri. Bomba lilikuwa karibu, na ndoo ya mchanga mahali pake kando ya mlango. Hadja hakuangalia upande ule. Miguu yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye vifundo, na alikaa hivyo, ameinyoosha, akimngoja mwanawe amalize.